Fomu ya Kurasa Tisa

Effie ana miaka sitini na minane,
na wiki hii amejifunza tena
kufunga kamba za viatu vya mtu mwingine.

Fomu inauliza: "Uhusiano na mtoto?"
Anaandika: bibi. Anakata. Anaandika: mlezi.
Nafasi ya mama ni kisanduku kidogo.
Anakiruka.

Jumanne, ghorofani juu ya maktaba ya Dundee,
wamo wenzake sita, birika, biskuti zilizolegea.
Mjomba mmoja, dereva wa lori,
anauliza nywele za msichana husukwaje.
Hakuna anayecheka.
Effie anavua kofia yake ya sufu,
anainamisha kichwa:
"Jaribia hapa."

Nyumbani, jirani ananong'ona:
Struan amelala na koti mwilini.
Bado hajaamini kuwa amefika.