Mkono wa Shati

Miaka kumi na mmoja namimina nisichokinywa,
hotelini Nyali, kizibao cheusi, kitambaa begani.
Ulimi wangu haujui kitu. Pua ndiyo iliyosoma.

Bwana Kayetano ndiye aliyenifunza, ghalani,
chupa zimelazwa kama wagonjwa:
"Hawa ukoo mmoja, watoto wa Maskati.
Huyu mweupe, mwenye punje ndogo, ndiye mkubwa wao.
Wa Iskandaria huyu, mnene, mpenda jua.
Wa Italia hutoa povu, hucheka ovyo.
Wa Ureno hukaa pipani
hata akapata rangi ya shira ya kaimati."
Na jina? Akainua mabega.
"Wengine husema ni ule mji, wengine miski.
Wengine husema nzi,
maana nzi hawakosi penye utamu."

Zabibu nyingine zikishakuwa mvinyo
husahau kwamba zilikuwa zabibu.
Hizi hazisahau.
Ukizibua tu: asumini, ganda la chungwa,
mrashi uliokupitia mlangoni
kwenye harusi ya watu usiowajua.

Jana mgeni alikuwa akieleza ukubwa wa samaki wake,
akatanua mikono, glasi ikanimwagikia.
Shati likanywa kwa niaba yangu.
Nikavuka daraja nimelowa hadi kiwiko.

Kibokoni, Batuli akafungua mlango.
Hakuitika salamu. Alinusa.
"Pombe naijua, kaka zangu wamenisomesha.
Hii si pombe.
Hii asumini. Nani kakuegemezea kikuba?"

Nikakwama pale kizingitini
kati ya dhambi mbili, zote si zangu.
Nikisema mvinyo, hasadiki.
Nikinyamaza, nimekiri.
Nikasema: "Zabibu."
"Zabibu!" akasema. "Za Marikiti?
Zile hazinuki hata ukizilalia."

Alinivua shati yeye mwenyewe, kwa ncha za vidole.
Hakulifua. Alilitundika uani
kama mtu anayeweka ushahidi.

Asubuhi nikamkuta amesimama,
kikombe cha kahawa kimempoea mkononi,
anautazama ule mkono wa kushoto:
nzi watatu, akaongezeka wa nne,
wamezunguka kifungo
kama wateja wa mbaazi.

"Nzi," akasema polepole,
"hawafuati asumini."

Akawapunga. Akauleta mkono wa shati puani,
akafumba macho,
akakaa hivyo
zaidi ya muda unaohitajika
kuthibitisha jambo.