Ubavu wa Kushoto

Jumamosi, Kibuye. Jua limekalia mabati.
Fundi Ogutu anapiga nyundo huku akimweleza mume wangu:
"Bosi, hii ya mia na hamsini ni nzuri,
lakini kilima cha Riat hakina utani.
Pakia watoto wawili na mama mzazi,
nusu ya njia utashuka usukume."
Okinda anaitikia kwa kichwa,
Okinda, ambaye baiskeli ilimtupa mtaroni darasa la tano
na tangu siku ile hajasameheana na magurudumu mawili.
Helmeti iko kwapani mwangu.
Nasubiri waelewe.

Dada yangu alisema tununue gari kuukuu.
Nikamwonyesha kichochoro chetu cha Manyatta:
nilitandaza kanga toka ukuta wa Mama Nyasuna
hadi ukingo wa mtaro.
Kanga moja na vidole vinne.
Hapo ndipo ukoo mzima upite,
asubuhi na jioni, masika na kiangazi,
na mbuzi wa watu naye apishwe.

Ogutu akatoa simu, akaonyesha picha ya nchi ya baridi:
pikipiki nyeusi, na kigari chake kimeungwa kulia.
"Nitakuundia kama hii, bosi. Vilevile."
Nikasema, "Huko wanapita kulia, fundi.
Sisi tukisimama langoni mwa shule,
Apiyo na Adongo washukie wapi?
Kwenye lami, machoni pa lori la miwa?
Kigari kikae kushoto.
Watoto wakanyage nyasi."

Nyundo ikanyamaza.
Akanitazama, mara ya kwanza tangu saa tatu.
"Kumbe dereva ni wewe."
"Ni mimi."
"Si ungesema."
"Hukuuliza."

Basi akanivutia kigoda, akanifundisha kama anayelipa deni:
Sahau kulala kwenye kona, mama, hii hailali.
Utaigeuza kwa mabega, kama fahali wa plau.
Ukiongeza moto, itakuvuta kushoto,
ukishika breki, itakuvuta kulia,
ina mawazo yake, zoeaneni.
Na kigari kikiwa kitupu, usikate kushoto kwa pupa:
gurudumu la tatu litapaa,
nawe utajua kwa nini ndege hawana ubavu wa chuma.
"Kila ukiwashusha wanao," akasema,
"weka mchanga uzito wao."

Tukavuka hadi kwa muuza mahindi, tukaazima mizani.
Apiyo, kilo kumi na tisa.
Adongo, kumi na nane na nusu,
akadai pacha wake ameficha mawe mfukoni.
Mama mkwe akakataa katakata:
"Mimi si omena."

Okinda alipenda ile nyekundu, yenye vioo vya kumetameta.
Nilichukua ya bluu, ya mia mbili,
iliyochubuka tangi, yenye sauti ya mtu aliyelala vizuri.
Kigari tukakiezeka turubai kwa mvua ya saa kumi,
kizingiti kikashushwa kwa ajili ya goti la mama,
tukabishana bei mpaka chai ikapoa.

Sasa ni wiki ya tatu.
Nawashusha wanangu nyasini,
namshusha mama Russia, kliniki ya mifupa,
kisha nafunga gunia kitini,
kilo thelathini na saba na nusu za mchanga,
nikaenda nalo kazini.
Wenzangu hucheka. Mimi hulisemesha kwenye mataa.

Jana jioni Okinda alikuja kunisubiri langoni kwa kazi.
Akasimama, akazunguka, akagusa turubai.
Akaniomba nishushe gunia.
Akaingia, magoti yakamgota kidevu,
mkono mmoja umeng'ang'ania ukingo,
mwingine umeshika bahasha yake ya ofisini kama Biblia.
Tulipofika njia panda ya Kondele akafumbua macho.
"Kata kushoto," akasema, "tuone kama nitapaa."

Nikakata.

Hakupaa.