Saba Mara Nane

Shule ilipofungwa sikuuliza itafunguliwa lini.
Nilivunja betri nne za redio kwa jiwe la volkano,
nikatwanga ule unga mweusi wa ndani
pamoja na makala, masazo ya gunia ninalouza,
nikakoroga kwa uji wa muhogo ili ishike,
nikaupaka mlango.

Mlango ndio mbao pekee zilizonyooka nyumbani kwetu.
Kuta zina mianya ya kupitisha paka.

Shemeji Bauma alikuwa ameleta ubao mweupe,
wa plastiki, unang'aa kama jino la tangazo,
na kalamu zake tatu: nyekundu, buluu, nyeusi.
Wiki ya pili kalamu zikakauka,
zikawa zinaandika kama mgonjwa anayenong'ona.
Sasa ubao ule unafunika pipa la maji,
na Muyisa, kila akichota, anasoma upande wa chini
neno moja lililokataa kufutika: leo.

Asubuhi nauchomoa mlango kwenye bawaba,
nauegemeza pale uani
ambapo lava ilisimama mwaka ule, ikakataa kuendelea.
Watoto wanakaa juu ya madumu ya manjano:
Kaswera, Muyisa, na Nzigire wa jirani
ambaye mama yake hulipa kwa kikombe cha maharage.
Chaki ni muhogo mkavu.
Kuku anajua. Anasubiri vumbi la sarufi.
Mbuzi wa Mama Cikuru aliwahi kuramba sentensi nzima,
kiima, kiarifu, na nukta.

Mimi niliishia darasa la tano.
Jedwali la saba nalijua kama ninavyojua ngazi gizani,
kwa miguu, si kwa macho,
na kwenye kidato kimoja huwa nateleza.

Jioni narudisha mlango mahali pake.
Somo linatazama njia.
Sisi tunalala nyuma yake,
ukurasa mmoja tu kati yetu na Katoyi nzima.

Usiku ule hatua zilikuja, za viatu vizito,
zikapita kwa Mama Cikuru, zikapita kwa fundi wa majiko,
zikasimama kwetu.
Niliwaziba watoto midomo, mkono huu, mkono huu.
Mwanga wa tochi ukaingia kwenye mianya,
ukashuka polepole, mstari kwa mstari,
kama mtu anayesoma.
Kisha: kwaru. Kwaru-kwaru.
Kitu chenye ncha juu ya mbao.
Kisha hatua,
kisha mbwa,
kisha hakuna.

Kulipokucha nilitoka nikaangalia.
Pale nilipoandika 7 × 8 = 54
nne ilikuwa imekatwa kwa mstari mmoja, bila hasira,
na kando yake, kwa kisu au kwa nini sijui,
sita.
Sita nzuri, yenye tumbo la duara,
sita ya mtu aliyewahi kuketi dawati la mbele.

Muhogo unafutika. Ile haifutiki.
Imla, ramani ya mito,
mwili wa panzi na sehemu zake, vyote sasa
vinapinda vikiifikia, vinaizunguka
kama maji yanavyozunguka jiwe.

Majirani wamesema nibadilishe mlango.
Kwa fedha ipi,
na kwa nini?

Sikuwaambia jambo hili:
tangu siku ile, kila jioni, kabla ya kufunga,
naacha kosa moja upande wa njia.
Dogo. Herufi iliyopotea, jumla iliyopungukiwa.
Nalala nikisikiliza.
Hajarudi.
Asubuhi ni Kaswera anayeliona kwanza.
Analoweka kidole kwa mate, analifuta,
ananitazama kwa huruma:
"Mama, umechoka. Acha leo nifundishe mimi."