Kukokota

Tumeondoka Saint-Jean saa moja asubuhi,
Ghislaine mbele na kofia yake ngumu ya njano,
mimi nyuma na chapati nne ndani ya karatasi ya fedha,
baiskeli ya kukodi, gia ishirini na moja.
Ishirini na moja!
Na njia yenyewe haina kilima hata cha kumchosha kuku.

Kulia mto Richelieu, kushoto mfereji,
na sisi katikati, juu ya utepe wa changarawe.
Mto una mawe, una povu, una hasira zake.
Mfereji umetulia
kama chai iliyosahauliwa mezani.
Bata mmoja anaukata, maji yanajishona nyuma yake.

Kwenye kilomita ya saba, au ya nane,
Ghislaine amesema njia hii haikuchongwa kwa ajili yetu.
Akaitaja kwa neno la Kifaransa nisilolijua.
Nikauliza. Akashuka,
akajifunga kamba ya hewa begani,
akainama, akapiga hatua tatu nzito,
mama mzima wa miaka sabini, soksi za pinki.
Nikacheka.
Farasi, akasema. Na vijana wa kuwaswaga.
Mashua za mbao, mashua za nyasi kavu,
kutwa nzima, mvua na jua, shingo mbele.
Nikaacha kucheka,
maana neno lake lilikuwa limenijia, nalo ni letu:
kukokota.

Ruhaga, kaka yangu,
baiskeli yako ilikuwa na gia ngapi?
Madumu manne ya mawese, mawili huku, mawili huku,
mipira ya tairi bovu ikiyakaba kiunoni,
na kilima cha Mwandiga hakina huruma na mtu.
Sikuwahi kukuona umeipanda.
Hadi nilipofika darasa la tatu niliamini
baiskeli ni mnyama wa kusukumwa,
kama wewe ulivyoamini Jumapili ni siku ya kulala kifudifudi.
Sasa una pikipiki
na mgongo usiokunjuka.

Tumefika Chambly na jua la kichwa.
Hapa maji yanashuka ngazi, kweli kabisa,
chumba baada ya chumba, kama mzee mwenye magoti.
Binti wa malango, Maude kwenye beji yake,
anazungusha mkono wa chuma kwa nguvu za kifua,
na mashua nyeupe inazama taratibu,
mwenye mashua akinywa kitu cha baridi,
mbwa wake amevaa jaketi la kuokolea maisha.
Mbwa ameniangalia. Nimempungia.

Kisha ngome: mawe ya kijivu, kona nne, mizinga
inayolenga boti za watu waliokuja kupiga picha.
Kibao kina wafalme, kina majenerali,
nani alimfukuza nani, na nani akarudi.
Nimekisoma chote, kidole juu ya herufi,
Kifaransa changu kinachechemea lakini kinafika.
Nilikuwa natafuta jina la farasi.
Hata mmoja.
Ghislaine anaita, chapati zimepoa,
anaitafuna yake kwa jibini, macho amefumba,
anauliza kama nimeweka siagi. Mafuta, nasema.
Mafuta gani? Nimenyamaza kidogo.
Ya dukani, nasema. Ya alizeti.

Wakati wa kurudi kuna mwinuko,
kibogoyo tu cha mwinuko, pale penye daraja.
Ghislaine ameumaliza huku akipiga mluzi.
Mimi nimeshuka.
Mkono wa kushoto kwenye usukani, wa kulia kwenye kiti,
kama nilivyokuona, bega likiingia mbele.
Amegeuka: imeharibika?
Hapana.
Umechoka?
Hapana, twende, nakuja.

Gurudumu la nyuma linasema tik, tik, tik,
jepesi, halina dumu hata moja,
na sauti ni ile ile.