Risiti Namba 118

Mashine ililetwa hapa Lurambi ikiwa imefunga mdomo,
sidii imekwama ndani kama mfupa kooni.
Mwenyewe, muuguzi wa Mukumu, alilipa nusu,
akasema Ijumaa.
Ijumaa ngapi zimepita, Kadenyi,
wewe ulikuwa bado darasa la sita.

Nikaifungua. Mkanda wa raba umelegea, basi,
kazi ya shilingi hamsini.
Nikabonyeza kujaribu, chuma cha lehemu mkononi,
ikatoka sauti ya funguo zinazomwagwa kwenye sinia la bati.
Nikadhani nimeharibu.
Nikazima, nikakaza skrubu, nikawasha:
funguo zilezile,
ila sasa nilisikia kwamba zina hesabu.

Unaniuliza uanzie wapi.
Usianzie kwenye maneno. Mimi Kilatini sijui
hata cha kuombea maji.
Anzia chini,
kwa ile fidla nene inayokwenda hatua moja moja
kama mtu anayesukuma baiskeli kupanda Ilesi,
gunia la makaa nyuma,
hana haraka, hasimami.
Ukishamjua huyo hutapotea.
Wengine wote huko juu wanacheza kwa kuwa yeye anatembea.

Kisha namba nne. Mwimbaji mmoja, peke yake.
Mwaka mzima nilimwita dada,
mpaka niliposoma jina kwenye sidii: mwanamume.
Analia jambo lake, anamaliza.
Katikati anasema kitu kingine, cha baridi.
Halafu analirudia lile la kwanza, neno kwa neno,
na hapo wengi huzima.
Usizime.
Shangazi yako Mideva alipoibiwa ng'ombe
alitusimulia asubuhi, kavu, kama anaandikisha taarifa polisi.
Jioni akasimulia tena. Ng'ombe yuleyule, kamba ileile,
lakini jina la ng'ombe lilipomfika mdomoni
alilivuta, akalivunja, akalipandisha
mpaka mbwa wakanyamaza.

Namba saba ni kwaya.
Mmoja anatoa wazo, mwingine analidaka kabla halijapoa,
wa tatu, wa nne,
kama kina mama wanaoitia watoto chajio
juu ya michongoma, boma hadi boma,
jina moja kwa koo nne.
Usijaribu kuwafuata wote, utachoka.
Mfuate mmoja. Kesho mwingine.
Mimi besi nilimmaliza Pasaka. Soprano bado.

Na pumzi! Karibu nisahau.
Kabla hawajaanza, sikiliza:
watu ishirini wanavuta hewa pamoja
katika chumba cha mawe, mahali nisipopajua.
Mvua ya saa tisa ikishapiga haya mabati
siwasikii tena wakiimba,
lakini ile pumzi nimeizoea,
naijaza mwenyewe.

Jumanne alikuja kijana na risiti.
Wino umefifia, 118 bado inasomeka.
Mama yake alistaafu, akahamia Lugari,
alizikwa Machi.
Nikamwambia mashine ni nzima. Nikamwekea namba nne.
Alisikiliza kama dakika hivi, akitazama pikipiki yake nje.
"Ya kanisa hiyo," akasema,
akaitoa sidii, akaniachia mezani,
akalipa nusu iliyobaki. Hakuomba kupunguziwa.

Nilitaka kumwambia asubiri ile mara ya pili.
Maneno yakakataa.

Sasa nina sidii na sina mashine.
Nimeiegemeza dirishani; asubuhi jua likiigonga
inatupa rangi juu ya redio za watu.

Kwa hiyo leta ile ya Ombima, isiyo na kifuniko,
tutaifunga kwa mpira wa baiskeli.
Pamba na spiriti zimo kwenye kopo la majani ya chai.
Futa lenzi taratibu, kama jicho la mtoto.

Saa ngapi?
Saa nane na nusu.
Haya, harakisha.