Sarafu ya Lifti

Lifti ya jengo letu, hapa Gldani, hula sarafu.
Haipandi bure. Ina kijisanduku cha chuma
chenye mdomo mwembamba kama wa bahili,
na usipoilisha hukutazama tu.

Miaka sita sikuilisha.
Miaka sita nilipanda ngazi mia moja themanini na saba
na viazi, na unga, na goti hili la kushoto,
tangu usiku ule umeme ulipokatika
kati ya ghorofa ya saba na ya nane, nami ndani,
nikigonga chuma mpaka vidole vikachubuka.
Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.
Mimi nilishtushwa hata na kabati la nguo.

Daktari Endzela hakuniandikia vidonge.
Alinivisha saa, nyeusi, nyepesi,
akaniwekea programu kwenye simu, akasema:
"Hofu ni mgeni mwenye makelele, Tsiala.
Kila akibisha, wewe ndiye unayehama nyumba.
Safari hii kaa. Mwache achoke yeye."

Basi simu ikawa inaniuliza, kwa adabu ya karani:
Hofu yako sasa, sifuri hadi kumi?
Kusimama mbele ya mlango: nane.
Mlango ukifunguka, kuchungulia tu: tisa.
Kisha mguu mmoja ndani, mmoja nje,
na mlango ukinigonga bega, ukirudi, ukinigonga,
na kijana wa ghorofa ya pili, Gocha,
akiniuliza kama nimepoteza kitu.

Siku moja nilidanganya. Niliandika mbili.
Saa ikanichongea: mapigo mia thelathini na nne.
Nikaivua, nikaitupa kwenye droo ya vijiko,
nikarudi kwa ngazi zangu.
Ngazi hazikunisuta.
Goti lilinisuta.

Jumamosi ya theluji nikaingia mzima mzima.
Sarafu ikalia tumboni mwa kisanduku. Mlango, kwi.
Nikatoa simu iniulize lile swali lake:
mtandao hakuna. Skrini inazunguka, inazunguka.
Karani wangu kanitoroka pale pale
nilipokuwa na kumi mkononi ya kumpa.

Ghorofa ya tatu, jasho.
Ya tano, koo limekuwa tundu la sindano.
Ya saba, ile ile, taa ikapepesa
na mimi nikasema kwa sauti, kwa chuma, kwa nani sijui:
"Haya. Piga makelele. Nimekaa."

Ya nane akaingia mzee Vazha na mtungi wa kachumbari.
"Unapanda au unashuka?"
"Sijui," nikasema, na ilikuwa kweli,
maana kitu kifuani kilikuwa kimeanza kuteremka.

Nyumbani nilifungua grafu.
Mlima, kama siku zote. Mchongoma.
Lakini upande wa pili wake kulikuwa na mteremko,
mstari mwekundu ukishuka taratibu hadi themanini na tisa.
Miaka yote nilikuwa nakimbilia chini kwa upande ule ule niliopandia.

Sijapona kama watu wa kwenye matangazo.
Upepo ukivuma na taa zikianza kucheza
bado napanda kwa miguu, na saa hunihesabia hatua
bila kuniuliza kitu.
Ila mlangoni nimeweka bakuli la sarafu,
na jana, viazi mkononi, nilipofika juu
ndipo nikagundua mkono wangu mtupu:
saa iko jikoni, kwenye chaji.