Futikamba Shingoni

Kadutu, mtaa uliotundikwa mlimani kama nguo kambani,
nina cherehani moja, meza moja, mlango usiofunga vizuri,
na kelele.
Miaka kumi na sita ya kelele za sindano
imenifundisha kusoma midomo kabla ya kusikia neno.

Watu hudhani fundi anapima kiuno.
Mwambie mtu, "Simama wima," atasimama
jinsi anavyotaka aonekane.
Jifanye unatafuta chaki.
Mabega yatashuka yenyewe,
na hapo ndipo upime.

Baba mmoja alileta suti ya harusi ya mwanawe.
"Nina furaha sana, fundi," alisema,
na kidole gumba chake kilikuwa kinahesabu noti mfukoni,
moja, mbili, moja, mbili,
kana kwamba zitazaana.
Nikamwambia: lipa nusu, nusu baada ya sherehe.
Hakuuliza nimejuaje. Alikaa tu.

Muuza sambaza, pale chini, anaapa kwa jina la mamaye
kwamba hiyo ndiyo bei ya mwisho,
huku mkono wa kushoto umeshafungua mfuko.
Bei ya mwisho haifungui mfuko.

Na "mm" yetu je?
"Mm" ya nyusi juu ni ndiyo.
"Mm" fupi, ya puani, ni bado.
"Mm" inayoburuzwa kama ndala iliyokatika
ni hapana isiyotaka kukuvunja moyo.
Mgeni ataziandika zote kwa herufi zilezile mbili,
kisha atasema watu wa Bukavu hawaeleweki.

M'Kajibwami amekuja mara ya tatu tangu mvua zianze,
gauni lilelile la bluu, la kanisani.
"Lipunguze kidogo."
Mara ya kwanza vidole viwili. Mara ya pili vitatu.
Leo pini za upande huu zimekutana na za upande ule.
"Nimeacha chumvi," anasema, anacheka,
na kicheko kinafika midomoni, kinarudi.
Maswali ninayo tele.
Nikanyanyua mguu kwenye pedali.
Hivyo tu.
Ukimya ukaingia kama mteja mwingine,
ukatafuta pa kukaa.
Alishika ukingo wa meza. Aliitazama bobini
muda wa chai kuchemka na kumwagika,
kisha akasema, akianzia katikati.
Aliyoyasema ni yake.

Ningependa kuishia hapo, nikijisifu.

Lakini Mugisho, mdogo wangu, Jumanne moja,
alisimama mlangoni akauliza bei ya uzi mweusi.
Mugisho, asiyewahi kushona hata kifungo.
Alisugua kisigino kwa kidole cha mguu wa pili,
vile vile kama utotoni, sahani ikiwa imevunjika
na mama bado hajajua.
Nikamtajia bei ya uzi.
Nikamtajia na ya jumla.
Mguu wangu haukuacha pedali.
"Haya, kaka," akasema,
kwa sauti ya mtu anayerudisha mlango
asiwaamshe waliolala.
Kesho yake alikuwa njiani kwenda Shabunda, machimboni,
na huu ni mwaka wa nne simu yake inajibiwa
na mwanamke wa mtambo, asiyemjua,
kwamba hapatikani.

Ajabu ni kwamba nilisikia.
Masikio yalipokea kila neno, yakatunza.
*Uzi mweusi bei gani?*
Usiku nalipindua swali lile, ndani nje,
natafuta mshono ulipoanzia.

Siku hizi mtu akiuliza bei, nanyanyua mguu kwanza.
Namtazama. Wengine hukereka:
"Fundi, vipi? Nimeuliza bei tu."

"Mm," najibu,
ile ya nne, ambayo sikuitaja.